Kutoka Bariadi Hadi Ng'ambo kwa Tiketi ya Pointi

Bariadi huamka mapema. Kabla hakujapambazuka, wapiga debe wa mabasi ya Mwanza wanaita abiria, na mama lishe wameshainjika sufuria za chai ya maziwa. Basi likitoka mjini hushika lami ya kuelekea Lamadi, likipita mashamba ya pamba, mtama na choroko, na makundi ya ng'ombe ambao hawana haraka ya kumpisha mtu. Lamadi ndipo barabara inapoungana na ile ya Musoma. Ziwa Victoria liko karibu upande mmoja, na upande wa pili Serengeti inaanza. Baada ya hapo ni Magu na mto Simiyu, ambao ndio uliotoa jina la mkoa huu ulioundwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza. Kisha Mwanza penyewe, kwenye kiwanja cha ndege.

Miongoni mwa akina mama wanaopanda mabasi hayo, wapo wanaokwenda mbali kuliko Dar es Salaam. Binti alikwenda Kanada, Uingereza au Marekani kusoma, akapata kazi, akaolewa, na sasa anatarajia mtoto. Ni nani atakayemkanda mzazi? Ni nani atakayemwonyesha namna ya kumwogesha mtoto mchanga? Basi simu inapigwa: "Mama, jiandae. Nimekupatia tiketi ya pointi, haina gharama." Siku mbili baadaye inapigwa simu nyingine, na safari hii sauti ni ya chini kidogo: "Mama, kumbe kuna kodi za kulipa."

Msomaji mpendwa, hapo ndipo safari nyingi za bibi hukwama, nasi tuitazame habari hii kwa utulivu.

Pointi, ambazo wengine huziita maili, ni zawadi ambayo shirika la ndege humpa mteja wake kila asafiripo, au kila atumiapo kadi fulani ya benki huko ng'ambo. Zikishakuwa nyingi hulipia nauli. Mwenye pointi anaweza kumkatia tiketi mama yake kwa jina la mama, ingawa mashirika machache huweka masharti kuhusu nani anaweza kukatiwa. Lakini pointi hulipia nauli tu. Vilivyobaki hulipwa kwa fedha taslimu, navyo ni vya namna mbili ambazo hazifai kuchanganywa.

Namna ya kwanza ni kodi na ada halisi za serikali na viwanja vya ndege. Kwa Tanzania Bara, ada ya kiwanja kwa safari ya nje imekuwa dola 40 kwa miaka mingi, nayo huingizwa ndani ya tiketi. Hii haikwepeki. Aliyewahi kupanda basi la Musoma hadi Arusha linalokatiza Serengeti anajua kwamba nauli ni kitu kimoja na ada ya geti ni kitu kingine.

Namna ya pili ni nyongeza inayotozwa na shirika lenyewe, ambayo zamani iliitwa nyongeza ya mafuta. Mashirika mengi yalianza kuitoza baada ya mafuta kupanda bei miaka ya 2000, na mafuta yaliposhuka wengi hawakuiondoa. Kwenye mchanganuo wa tiketi huandikwa kwa herufi YQ au YR. Binafsi naona ni nauli iliyovaa kanga ya jirani! Tuseme nyongeza hiyo ni dola 300, yaani kama shilingi 750,000 ukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500. Kwa bei elekezi ya pamba ya mwaka 2023, ambayo ilikuwa shilingi 1,060 kwa kilo, mkulima wa Bariadi alihitaji kuuza zaidi ya kilo 700 ili kuilipa. Kwa familia yenye ekari chache, hicho si kiasi cha kupuuza.

Habari njema ni kwamba nyongeza hii hutegemea zaidi pointi ni za nani kuliko ndege ni ya nani. Pointi za shirika moja mara nyingi hununua kiti katika ndege ya shirika rafiki. Chukua mfano wa Ethiopian Airlines, ambayo huchukua abiria Dar es Salaam na Kilimanjaro na kuwafikisha Toronto na Washington kwa kupitia Addis Ababa. Tangu mwaka 2011 imo katika umoja wa Star Alliance pamoja na Air Canada na United ya Marekani. Binti aliyeko Kanada mwenye pointi za Aeroplan, za Air Canada, anaweza kumkatia mama kiti katika ndege hiyo bila nyongeza, kwa sababu Aeroplan iliifuta mwaka 2020. Atalipa kodi halisi na ada ndogo ya kukata tiketi ya shirika rafiki, iliyowekwa kuwa dola 39 za Kanada. Maili za United nazo hazibebeshwi nyongeza hiyo. Vivyo hivyo, mwenye maili za American Airlines anaweza kupata kiti cha Qatar Airways bila nyongeza, lakini akichagua ndege ya British Airways kwa maili zilezile ataikuta inamngoja. Kwa hiyo kabla binti hajabonyeza mahali pa kulipa, na aangalie njia mbili au tatu na kulinganisha jumla ya fedha, si idadi ya pointi peke yake.

Walioko Uingereza wana mzigo wao. Serikali ya huko hutoza kodi kila abiria anayeanza safari ya ndege nchini humo. Aprili 2025 kodi hiyo, kwa safari ya umbali kama wa Tanzania, iliwekwa kuwa pauni 90 kwa daraja la kawaida na pauni 216 kwa madaraja ya juu. Pointi haziifuti. Basi tamaa ya kumpandisha mama daraja la kwanza wakati wa kurudi ina bei yake. Lakini safari ya kwenda, inayoanzia Tanzania, haina kodi hiyo. Watoto walio chini ya miaka 16 wanaosafiri daraja la kawaida wamesamehewa, jambo la kukumbukwa na familia inayokuja Bariadi kumsalimu bibi wakati wa likizo. Anayepita tu London kutoka nchi nyingine asikae zaidi ya saa 24, la sivyo ataingizwa katika hesabu.

Mtoto wa kupakatwa naye aulizwe mapema. Baadhi ya mashirika hutoza asilimia 10 ya nauli ya fedha hata kama mama yake amelipiwa kwa pointi.

Akina mama, jihadharini na kijana anayekuja kwenye kikoba chenu na tiketi za pointi kwa nusu bei. Mashirika yanakataza kuuza pointi, na tiketi ya namna hiyo yaweza kufutwa mkiwa mmeshafika kiwanjani na masanduku yenu.

Tena, njia yenye kodi ndogo isiwe ndiyo inayodai viza nyingine. Mama anayekwenda Kanada akipitishwa Marekani atahitaji viza ya Marekani, hata kama ni ya kubadilisha ndege tu. Gharama yake, pamoja na safari ya kwenda ubalozini Dar es Salaam, itameza akiba yote.

Tiketi ya Mwanza hadi Dar es Salaam ikinunuliwa peke yake, acheni siku nzima katikati, maana ndege kubwa haitamngoja aliyechelewa. Na kuhusu michembe na matobolwa anayotamani binti, fungeni vizuri katika mifuko safi, kisha mama ayataje kwenye fomu ya forodha anapoingia. Asipoyataja anaweza kutozwa faini.