Kiti Ambacho Hakimu Hawezi Kukiagiza

Mtoto wetu ana usonji, nasi tunaishi Uingereza. Halmashauri ilipomnyima shule maalumu, tulikata rufaa kwenye baraza linaloamua kesi za mahitaji maalumu ya elimu. Sheria ya mwaka 2014 imelipa nguvu: laweza kuagiza mtoto afanyiwe tathmini, aandikiwe mpango, msaada wake uongezwe, hata shule itajwe kwa jina. Katika hayo halmashauri hulazimika kutii. Lakini kuhusu matibabu na huduma za ustawi wa jamii hutoa mapendekezo tu, wala halitoi fidia ya fedha.

Shule tuliipata. Usiku mwanangu bado analia, na hakuna hati inayoweza kumwamuru mtu ampende. Yule mjane wa Luka 18 alimwendea kadhi bila kuchoka, na Yesu hakumkemea. Alimfanya mfano wa wanaoomba. Basi tusiwaambie wazazi kwamba kukata rufaa ni kukosa imani. Waombe, na fomu wajaze. Ila kiti cha mtoto huyu kanisani, hata akipiga kelele wakati wa mahubiri, hakuna baraza litakaloagiza apewe. Hicho ni chetu kukitoa.