Mwanafunzi Wangu Yuko Juu ya Mwembe

Saa mbili na nusu asubuhi, Ukunda. Darasa ni baraza ya nyuma nyumbani kwa mamangu. Mwalimu ni mimi, bukta na fulana ya kampeni ya 2022 iliyochanika kwapani. Idadi ya wanafunzi: mmoja, miaka sita. Mahudhurio: yuko juu ya mwembe.

"Shuka tusome."

"Mbona nasoma hapa hapa."

"Unasoma nini huko juu?"

"Nasoma maembe. Manne yameiva, mawili bado."

Jina lake la kweli silitaji, mamake ataniua kutoka huko huko Saudia. Mnaofuata video zangu mnamjua kama Kimbunga, yule mtoto anayepita nyuma yangu akikimbiza kuku kila nikianza kuongea. Wengi mmeniuliza: huyu mtoto kwani haendi shule? Nimekuwa nikijibu kwa vikatuni vya kucheka. Leo naandika, manake hii stori haitoshi kwenye video ya sekunde 60.

Dadangu alienda Saudia kufanya kazi za nyumbani, mtoto akabaki kwa nyanyake. Shule aliyokuwa akisoma ilituita mara tatu ndani ya muhula mmoja. Mara ya kwanza alikuwa amepanda dirishani kuona kama mvua inanyesha upande wa pili pia. Mara ya pili alimwambia mwalimu kuwa ng'ombe aliyechorwa ubaoni ni mbuzi. Mara ya tatu alitoka darasani kwenda kuangalia mbega wakivuka barabara, na akabeba wenzake wawili. Hapo wakatuambia, kwa upole kabisa: "Kaeni naye nyumbani kidogo. Akitulia mtamrudisha."

Akitulia! Huyu hata akilala anapiga mateke.

Usiku huo tukafanya kikao cha familia, dadangu akiwa kwenye simu, mtandao unakatika kila dakika mbili. Nani atamsomesha? Mamangu ana biashara yake ya samaki wa kukaanga. Wote wakaniangalia mimi. Hata dadangu, aliyekuwa ameganda kwenye skrini mdomo wazi, nilihisi ananiangalia mimi. "Wewe si uko tu," mamangu akasema.

Niko tu. Mtu anahariri video mpaka saa nane za usiku, anaambiwa yuko tu. Lakini ningejibu nini? Mimi ndiye niliyeacha chuo mwaka wa pili. Ukishaacha chuo, kwenye familia ya Kipwani, wewe uko tu mpaka uoe, ufe au upate kazi ya kaunti.

Siku ya kwanza nilijiandaa kama waziri wa elimu. Ubao mdogo, chaki, vitabu vya PP2, ratiba ya rangi nne. Saa mbili hisabati, saa tatu kusoma, saa nne mapumziko, saa nne u nusu mazingira. Kufikia saa mbili na dakika ishirini ratiba ilikuwa imeshakuwa mashua na inaelea kwenye ndoo ya nyanya.

Na mimi nilidhani najua shule ya nyumbani ni nini. Machi 2020, corona ilipofunga shule zote, nilikuwa kidato cha pili. Mwezi uliofuata Kwale ikafungiwa pamoja na Mombasa, Kilifi na Nairobi, hakuna kutoka wala kuingia. Tuliambiwa kuna masomo redioni. Mimi nilisikiliza wiki mbili, nikaishia kuvua na binamu zangu. Madarasa ya mitihani walirudi Oktoba, sisi wengine tukarudi Januari 2021, na kuna viti kwenye darasa letu havikupata mwenyewe tena. Kwa hiyo nilijua kukaa nyumbani bila shule. Kusomeshwa nyumbani sikujua, na kusomesha ndiyo kabisa.

Tatizo la kwanza lilikuwa kutoa. Kujumlisha alishika haraka, tena kwa lugha mbili. Ukimwambia moja, mbili, tatu, anakujibu mwenga, mbiri, tahu kama alivyofunzwa na nyanyake. Lakini kutoa ikagoma.

"Tano toa mbili, ngapi?"

"Nani ametoa?"

"Hakuna mtu ametoa. Toa tu."

"Sasa zimeenda wapi?"

Wiki mbili, wallahi. Kila hesabu inageuka kesi ya wizi na mimi ndiye shahidi.

Siku moja nikapanga mahamri kumi kwenye sinia. Nikamwambia hesabu. Akahesabu kumi. Nikageuka kuchukua chaki. Sisi tunakaa upande wa kuelekea Diani, miti bado ipo, na mnajua wenye mji ni akina nani. Tumbili akashuka, akabeba mawili. Mwenzake akabeba moja. Nikarusha ndara, ikampata jirani.

Kimbunga akapiga ukelele: "Mjomba! Kumi toa tatu yamebaki saba!"

Sasa alijua nani ametoa. Kuanzia siku hiyo kila hesabu ya kutoa ina tumbili ndani. Mamangu alipouliza chai tutanywa na nini, nikamwambia mahamri matatu yameenda kwa karo. Hakucheka.

Hapo nikaelewa kitu, nikakunja ile ratiba. Huyu mtoto kichwa chake kinafanya kazi miguu ikiwa inatembea. Tukahamia nje. Asubuhi nyingine tunaenda barabara ya ufukweni Diani kuhesabu mbega. Mnazijua zile ngazi zilizotundikwa juu ya barabara? Ni za Colobus Conservation, watu walioanza kuwalinda hao wanyama tangu 1997, manake mbega walikuwa wanagongwa na magari wakivuka. Kimbunga anawahesabu mmoja mmoja wakipita juu. Siku moja akaniuliza, "Mbona hawakuwaambia mbega waache kuvuka?" Nikamwambia mbega haambiwi. Ilibidi watu ndio wafikirie njia.

Siku nyingine tunashuka kwa wavuvi. Kule nilipata aibu yangu. Aliniuliza kwa nini leo maji yamepwa mbali hivi, nikaanza kubabaika. Mtu nimefika chuo kikuu. Mzee aliyekuwa anashona nyavu akamjibu bila kuinua kichwa: mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na hupwa sana, katikati hapo ni maji mafu. Tangu siku hiyo Kimbunga anahesabu siku mpaka bamvua ili akatafute pweza miambani. Ndivyo alivyovuka kumi akafika kumi na nne bila mimi kuandika chochote ubaoni.

Msidhani ilikuwa raha tu. Siku moja mzee wa nyumba kumi akanisimamisha.

"Mwanangu, huyu mtoto mbona namuona kila siku?"

"Shikamoo mzee. Namsomesha nyumbani."

"Wewe?"

Hiyo "wewe" ilinikaa wiki nzima. Usiku nikaingia intaneti. Katiba ya 2010, kifungu cha 53: kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Kisha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013: mzazi au mlezi asiyempeleka mtoto shule anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi laki moja, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote. Mlezi, ndio mimi sasa. Kuna Wakenya wanaosomesha watoto wao nyumbani kwa hiari, wana mtaala na vitabu, na wamefika mpaka mahakamani kudai hiyo haki. Sisi hatukuchagua. Sisi tuliambiwa mkae naye kidogo, na kidogo ikawa miezi saba.

Sheria hiyo hiyo inakataza mwanafunzi kupigwa. Nikamsomea mamangu kipande hicho. Akasema imetungwa na watu ambao hawajakaa na Kimbunga.

Sasa nifike pale ambapo nilikuwa nakwepa.

Mwezi wa tisa nilipata kazi ya kulipwa, video ya mkahawa mmoja mdogo, pesa ya kwanza ya maana baada ya muda mrefu. Nilikuwa nimeweka simu barazani inapakia. Kimbunga akapita mbio na bakuli la uji. Mnajua kilichofuata. Simu ikazima na kazi yote ndani.

Nikapiga kelele. Nikamwambia: "Ndiyo maana walikufukuza shule!"

Akasimama. Akaweka bakuli chini taratibu. Akaenda akakaa kwenye kiti chake, kile ambacho kwa miezi minne hakukikalia dakika tano, akaweka mikono magotini. Nikiwa bado na hasira nikamwambia aandike A mpaka E. Akaandika. Nikamwambia asome. Akasoma. Nusu saa nzima hakusimama, hakuuliza kitu, hakumtazama hata kuku.

Mamangu akarudi kutoka sokoni, akamuona, akaangusha kikapu. "Mtoto anaumwa?"

Jamani. Kile kilichokuwa kimekaa pale ndicho shule ilikuwa inakisubiri. Mtoto aliyetulia. Na ndicho kitu kibaya zaidi nimewahi kukiona nyumbani kwetu.

Usiku nikaenda kumwomba msamaha. Alikuwa ameangalia ukuta. Akaniuliza, "Na wewe mjomba walikufukuza kwa nini?"

"Hawakunifukuza. Niliacha mwenyewe."

"Ulikuwa mkorofi?"

Ningeweza kumpa ule utani wangu wa kwenye video, ule mnaoupenda, kwamba shule na mimi tuliachana kwa amani. Sikuweza. Nilimwambia ukweli, na ukweli wenyewe niliusikia mimi pia kwa mara ya kwanza: "Hapana. Mimi nilikuwa natulia sana."

Nilikuwa kundi lililoingia chuo 2023 na mfumo mpya wa ufadhili. Nilikaa nyuma. Sikuelewa, sikuuliza. Karo ikanilemea, sikumwambia mtu. Nikaacha kuingia darasa moja, kisha mawili, kisha wiki. Sikuvunja dirisha wala sikubishana na mhadhiri. Nilipotea nikiwa na adabu zangu zote, na hakuna aliyegundua mpaka nikashuka kwenye matatu Ukunda na begi. Pesa ilichangia, siwadanganyi. Lakini sehemu kubwa ni kwamba nilikuwa nimejifunza mapema sana kwamba mtoto mzuri ni yule asiyesikika.

Kimbunga alifikiri kidogo. Akasema, "Ungepanda dirishani wangekuona."

Asubuhi yake alikuwa juu ya mwembe. Sijawahi kufurahi hivyo kumuona mtu mtini.

Simu ilitengenezwa, kazi haikupatikana, nikairudia upya kwa mkopo wa bando. Mwezi wa kumi na moja tulikuwa stendi ya Ukunda tukisubiri gari la Likoni. Yeye kama kawaida anaruka kwenye ukingo, mguu mmoja. Matatu ikaja. Akasimama, akakunja uso. "Li. Ko. Ni." Akaniangalia. "Likoni! Mjomba, imeandikwa Likoni!" Kisha akageuka kama mtu aliyepewa funguo za mji. Akasoma tuktuk, akasoma bango la duka la dawa, akasoma "Usikojoe Hapa" kwa sauti iliyofika Msambweni. Kondakta akampa tano. Mimi nilijifanya vumbi limeniingia machoni.

Sisemi toeni watoto shule. Nyumbani palimkosesha wenzake, na mimi nilimkosesha mengi nisiyoyajua hata jina. Mwalimu aliyesomea kazi hii angefanya kwa mwezi nilichofanya kwa saba. Ninachosema ni kimoja: usimwambie mtoto arudi akitulia. Anaweza kukutii.

Desemba mamangu na mimi tukaenda shule ya serikali iliyo karibu kumwandikisha gredi ya kwanza. Mwalimu, mama wa makamo mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, akauliza, "Anatulia?"

Mamangu akanikanyaga mguu. Nikasema, "Hapana, mwalimu. Lakini anajua kusoma, kutoa anajua akiwekewa tumbili, na atakuuliza maswali mpaka ukome."

Akamtazama Kimbunga, ambaye wakati huo alikuwa chini ya meza yake akisoma nembo ya kiti. Akacheka. "Mlete."

Siku ya kwanza nilimpeleka mpaka langoni, yunifomu imepigwa pasi na nyanyake mara tatu. Nikarudi barazani. Kimya. Ubao upo, kiti kipo, hakuna kuku anayekimbizwa. Nilipata nafasi ya kurekodi kwa amani, na sikurekodi kitu.

Saa tisa akarudi mbio, shati nje, kiatu kimoja mkononi.

"Ilikuwaje?"

"Mjomba, wako wengi!" Akavuta pumzi. "Na wote hawatulii!"