Mwezi Ujao Kuna Nini? Ratiba za Vituo vya Utamaduni, Bagamoyo hadi Nairobi

Nikifika mji wowote huulizia kituo cha utamaduni kiko wapi, na mwezi ujao kuna nini. Jengo hujengwa mara moja, tena mara nyingi kwa fedha za mtu wa mbali. Ratiba lazima itungwe upya kila mwezi, na anayeitunga inabidi ajue nani atakuja, atafika kwa usafiri gani, ataelewa nini, na atarudi nyumbani saa ngapi. Katika safari hii nilikuwa nazisoma ratiba za filamu, tamthilia, ushairi na mihadhara nikijiuliza swali hilohilo kila mahali: kiti hiki kimewekwa kwa ajili ya nani?

Nianze na Dar es Salaam, mji ninaoufahamu zaidi. Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni yako Mtaa wa Shaaban Robert, na ndani yake mna ukumbi wa maonyesho. Kwamba jukwaa hilo liko kwenye mtaa wenye jina la mshairi ni jambo linalonifurahisha kila nikipita. Upanga, kando ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, kuna Alliance Française. Mikocheni kuna Soma, mkahawa wa vitabu ambako watu husoma na kujadiliana, na kuna Nafasi Art Space, iliyoanza mwaka 2008 katika eneo la viwanda, wasanii wakifanyia kazi ndani ya makontena. Vituo vipo, na watu wanaoviendesha wana bidii.

Kinachovikaba ni umbali. Filamu ikianza saa 1 usiku Mikocheni, kijana wa Mbagala anatakiwa atoke nyumbani saa 10 alasiri aikabili foleni, na ikiisha atafika kwake karibu na saa 6. Mlangoni atakuwa ameingia bure, lakini nauli hajapewa. Ndiyo maana shughuli za Jumamosi mchana hujaa vijana, na zile za katikati ya wiki usiku hujaa wenye magari. Mtunga ratiba anapoandika "saa 1 usiku, Jumatano", ameshachagua watazamaji wake, hata kama hakukusudia.

Mihadhara ina bahati zaidi Chuo Kikuu, Mlimani. Ukumbi wa Nkrumah unajulikana hata na wasiowahi kuukanyaga, kwa kuwa picha yake ilikuwa nyuma ya noti ya shilingi 500 iliyotoka mwaka 2010. Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika kilianzishwa mwaka 2008, Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, na mwaka uliofuata Wole Soyinka alikuja kutoa mihadhara. Msikilizaji wa pale hahitaji daladala. Anateremka kutoka bwenini, na usiku anarudi bwenini akiendelea kubishana na mwenzake. Mhadhara haupati makao mazuri kuliko hayo.

Ila ukitaka kuona watu wa Dar wakitazama filamu kwa wingi, usiende kituo chochote kati ya hivyo. Nenda kibanda umiza, Mbagala au Manzese. Mabenchi ya mbao, joto, pazia jeusi mlangoni, na kiingilio cha sarafu. Filamu ni ya Hong Kong, ya India au ya Marekani, na juu ya sauti za waigizaji anasikika mtu akiisimulia kwa Kiswahili, akimpa jambazi jina la mtaani, akituonya kwamba yule bibi si mwema. Marehemu Lufufu alijijengea jina Tanzania nzima kwa kazi hiyo. Kenya wana DJ Afro, na Uganda wasimulizi wao wanasimulia kwa Kiganda. Nimekaa katika kumbi zenye viyoyozi ambako filamu bora kabisa ya Kiafrika ilionyeshwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, viti vingi vikiwa vitupu, na barabarani umbali wa dakika chache kibanda kilikuwa kimefurika. Sikubaliani na wanaosema Watanzania hawapendi filamu za kufikirisha. Hawajasimuliwa.

Bagamoyo ni mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Dar. Chuo cha Sanaa kilianzishwa pale mwaka 1981, siku hizi kikiitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, na tamasha lake la kila mwaka lilianza mwaka 1982. Wiki ya tamasha mji hubadilika: ngoma, sarakasi, maigizo, wageni kila kona, mama lishe wakipika hadi usiku wa manane. Ni wiki nzuri. Lakini kilichonivuta zaidi nilikikuta wakati ambao hakukuwa na tamasha lolote. Wanafunzi walikuwa wakifanya mazoezi ya igizo, na watoto wa mtaani wamekaa pembeni wakitazama. Mzee mmoja alisimama na baiskeli yake. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mnakuja kutazama kila siku?"

"Tamasha ni la wageni," akasema. "Sisi tunayo mazoezi. Huyu aliyevaa kanga, wiki iliyopita alikuwa hajui kulia. Leo analia vizuri."

Mzee huyu ni mtazamaji aliyekomaa kuliko wengi wetu tunaokata tiketi. Amemwona mwigizaji akikua. Hakuna kipeperushi kilichomwita. Amezoea tu kwamba alasiri kuna kitu pale.

Unguja ilinithibitishia jambo hilohilo kwa njia nyingine. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondolewa, na leo ndani yake mna jukwaa la wazi lenye ngazi za kukalia. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, limekuwa likiita watu tangu mwaka 1998, na Sauti za Busara tangu 2004. Kuona filamu usiku chini ya kuta zile, upepo wa Forodhani ukiingia, ni furaha ambayo sijaipata kwingine. Jambo jema kuliko yote waliyofanya ZIFF, kwa maoni yangu, ni kupeleka filamu vijijini Unguja na Pemba, kwa watu ambao wasingevuka kwenda Mji Mkongwe. Lakini tamasha likiisha, mpenzi wa filamu wa Zanzibar afanye nini hadi mwaka ujao? Jumba la sinema la Majestic, Vuga, lililojengwa mwaka 1955 baada ya lile la awali kuungua, lilikuwa likionyesha filamu usiku baada ya usiku. Kizazi kile hakikungoja tamasha.

Taarabu haikungoja pia. Nadi Ikhwan Safaa imekuwepo tangu mwaka 1905, na Culture Musical Club tangu 1958. Nguvu yao ni mazoezi ya jioni. Mtu anajua kikundi kinakutana wapi na baada ya sala gani, anapita, anakaa, anasikiliza wimbo mpya ukisahihishwa ubeti kwa ubeti. Na hapo ndipo ushairi wa Kiswahili unapoishi bila kuandikiwa bango: utungo una vina na mizani, wasikilizaji wanavijua, na mtunzi akikosea mizani ataambiwa palepale. Waandaaji wa Unguja wanajua pia jambo ambalo wa bara hulisahau, kwamba shughuli ya usiku huanza baada ya Isha, na kwamba mwezi wa Ramadhani ratiba nzima hubadilika. Hapo saa imepangwa kwa kumfuata mtu.

Mombasa nilifika nikiwa na matarajio makubwa kuhusu ushairi, na sikuvunjika moyo. Huu ni mji wa Muyaka bin Haji, na mji alikozaliwa Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 na kutoka na mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Karibu na Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, vijana wana Swahilipot, mahali pa teknolojia na sanaa kwa pamoja. Vijana wale wanapopanda jukwaani na ushairi wao huru, wa kusemwa kwa kasi na mikono ikienda, wazee wa Mji wa Kale hutikisa kichwa: hauna vina. Wazee wanapotoa utenzi, vijana hutazama simu. Jioni bora niliyoikuta Mombasa ni ile iliyowaweka wote wawili jukwaa moja. Kijana alisema lake kuhusu ajira ya bandarini, mzee akamjibu kwa ubeti wa papo kwa papo kuhusu bandari hiyohiyo, na ukumbi ukasimama. Laiti ingekuwa kila mwezi! Nilipouliza lini tena, nikaambiwa, "Tutawatangazia, inshallah."

Nairobi ndiyo yenye ratiba nono kuliko miji yote niliyopita, na sioni haya kulisema hilo nikiwa Mtanzania. Katikati ya jiji, Mtaa wa Monrovia, Goethe-Institut na Alliance Française ni jirani, kiasi kwamba mtu anaweza kusikiliza mhadhara huku na kuwahi filamu kule. Tamthilia huchezwa wikendi, mara nyingi maonyesho mawili kwa siku, moja saa 9 alasiri na jingine jioni. Lile la saa 9 limeokoa watu wengi: anayekaa Kayole au Rongai analitazama na kupanda matatu kabla giza halijaingia na nauli haijapanda. Wakenya pia wanalelewa na ukumbi tangu utotoni. Tamasha la drama la shule lilianza mwaka 1959, na hadi leo vikundi huzunguka vikiigiza vitabu teule vya fasihi kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Mtu aliyepiga makofi akiwa na miaka kumi na tano haogopi kununua tiketi akiwa na thelathini.

Ukumbi wa Taifa wa Kenya, kwenye Barabara ya Harry Thuku, ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Haukujengwa kwa ajili ya Mwafrika wa Kariokor. Hata baada ya uhuru haukukabidhiwa kwa urahisi: mwaka 1976, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ilipewa siku chache tu, kwa sababu ratiba ilikuwa imeshawekewa maonyesho ya wageni. Nani kasema ratiba ni karatasi tu? Mwaka uliofuata Ngũgĩ alikuwa Limuru, katika kituo cha elimu na utamaduni cha Kamĩrĩĩthũ. Wanakijiji walijijengea jukwaa la wazi, wakafanya mazoezi ya igizo la *Ngaahika Ndeenda* mbele ya kila mpita njia, wakasahihisha maneno, wakaimba nyimbo wanazozijua, kwa Kikuyu chao. Watu walikuja kwa mabasi kutoka mbali. Serikali ikalipiga marufuku igizo Novemba 1977, Ngũgĩ akakamatwa mwisho wa mwaka, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa.

Kampala wanayo kumbukumbu chungu zaidi ya mwaka ule wa Kamĩrĩĩthũ. Byron Kawadwa, aliyekuwa akiongoza shughuli za sanaa katika Ukumbi wa Taifa wa Uganda, alipeleka igizo lake tamasha la FESTAC kule Lagos mwaka 1977, akarudi nyumbani, akakamatwa na watu wa Idi Amin na kuuawa. Sikukaa sana Kampala, lakini sikuweza kupita mbele ya ukumbi ule bila kumkumbuka.

Mwaka 2022 *Ngaahika Ndeenda* iliigizwa ndani ya Ukumbi wa Taifa wa Kenya, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Ngũgĩ aliaga dunia Mei 2025, igizo lake likiwa limeshapanda jukwaa lililokuwa na uhaba wa siku kwa Kimathi.

Nikiziweka ratiba zote hizi pamoja, hukumu yangu ni hii. Kituo cha utamaduni kinalelewa na siku inayojulikana, na tamasha kubwa haliwezi kuziba pengo la miezi kumi na moja. Alhamisi ya kwanza ya mwezi, ushairi. Jumamosi saa 9, igizo. Mazoezi alasiri, mlango wazi. Nairobi iko mbele kwa sababu imeshika siku na saa. Zanzibar na Bagamoyo zina mazoezi yaliyo hai ambayo hakuna anayeyaandika kwenye ratiba. Mombasa ina watunzi wanaongoja siku ya kudumu. Dar ina watazamaji vibandani ambao hakuna aliyewaalika ukumbini. Na kote huko Kiswahili kinapewa nafasi kama mgeni wa heshima. UNESCO ilipitisha tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ikaanza kuadhimishwa mwaka 2022, na siku hiyo kumbi hujaa mashairi na mihadhara kwa Kiswahili fasaha. Tarehe 8 vipeperushi vinarudi kwenye Kiingereza.

Ninyi mnaotunga ratiba, mleteni msimulizi wa kibandani asimulie filamu ya Senegal au ya Ethiopia ukumbini kwenu, mumlipe kama msanii, na muone viti vitakavyojaa. Nawe msomaji, pita kituo kilicho karibu nawe wiki hii uulize mwezi ujao kuna nini. Ukikuta hakuna hata jioni moja ya Kiswahili, iombe kwa barua. Ikiwekwa, nenda, lipa kiingilio, na usiende peke yako.