Lori Dogo la Petroli Lilivyonirudishia Moyo

Nautoa ushuhuda huu kwa wenzangu waliozoea kazi ya nguvu, kisha siku moja mwili ukawaambia basi. Nilikuwa dereva wa malori, barabara ya Segera hadi Arusha. Mgongo ulipokataa, daktari akanikataza kushika usukani wa gari kubwa. Nikarudi nyumbani Mkumbara, nikawa mtu wa kushinda barazani nikitazama malori ya wenzangu yakipita kwenda Same. Usingizi ukawa wa kubahatisha. Mke wangu akinisemesha, namjibu kwa mkato. Dawa za mgongo nilikuwa nazo. Nilichokosa ni mashine ya kunisikiliza.

Mpwa wangu anayefanya kazi Dubai ndiye aliyeling'amua hilo. Huko Ghuba watu wazima huendesha magari ya rimoti mchangani kama starehe yao. Akanipigia simu: "Mjomba, nataka nikuletee lori. Chagua mwenyewe: la betri, la nitro au la petroli." Nikamtaka kwanza anieleze kila moja linakula nini.

La betri halina makelele wala moshi, lakini mimi nilikuwa na kiu ya mngurumo. La nitro lina kiinjini cha cc 3 hivi, chenye kufika mizunguko 30,000 kwa dakika na zaidi. Mafuta yake ni methanoli iliyochanganywa na nitromethane na oili, na hayo hayauzwi kwenye vituo vyetu vya mafuta. Likishaishiwa, linabaki pambo la kabatini. La petroli ni kubwa kuliko hayo, mfano wa lori halisi lililogawanywa mara tano, na injini yake ya cc 26 ni ndugu wa mashine ya kufyekea nyasi. Kamba ya kuwashia ni ileile, plagi ni ileile, na klachi hujishika yenyewe mizunguko inapopanda. Lita 1 ya petroli huchanganywa na mililita 40 za oili ya 2T. Nikamwambia, "Mpwa wangu, niletee hilo. Hilo litaishi Mkumbara."

Adui yake hapa ni vumbi. Hii ni nchi kavu ya mkonge chini ya milima ya Usambara, na vumbi likipita kwenye kabureta, linakwangua silinda na pistoni. Kwa hiyo kila nikimaliza kuendesha, naifungua filta, naifua sponji kwa maji ya sabuni, naianika kivulini hadi ikauke kabisa. Kisha naidondoshea oili na kuiminyaminya mpaka rangi ienee kote, pasibaki doa jeupe. Miaka yote ya lori kubwa, kazi za namna hii niliwaachia fundi na utingo. Siku hizi nikisikia injini inakohoa, najua kama ni mafuta yamezidi, hewa imezidi au plagi imechoka.

Likija suala la usalama sina mzaha. Lori hili lina zaidi ya kilo 10. Likichomoka ovyo, linavunja mguu wa mtoto. Kabla ya kuvuta kamba nalinyanyua matairi yasiguse chini, nawasha rimoti na swichi ya lori, kisha naizima rimoti makusudi. Mawimbi yakikatika, sevo, yaani kimota kinachovuta mafuta na breki, lazima ifunge mafuta na kukaza breki yenyewe. Isipofanya hivyo, siku hiyo haliwashwi. Naliendesha uwanjani tu, mbali na barabara kuu na reli, na watoto wote wanasimama nyuma yangu.

Tukilipumzisha lipoe, watoto huniuliza habari za magari, nami huwasimulia na za mitambo ya zamani ya hapa kwao. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikasonga mbele kupita Mkumbara kuelekea Moshi. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walikuwa wakiteremsha mbao za mwerezi kutoka msitu wa Shume kwa kamba za chuma zilizoning'inia hewani, hadi stesheni yetu. Nataka wajue kwamba mitambo mikubwa ilishafanya kazi katika kijiji chao, na kwamba wao pia wanaweza kuifahamu mitambo.

Mgongo wangu haujapona, wala sitarajii kurudi kwenye malori. Lakini nalala usiku, na mke wangu akiniita naitika vizuri. Vijana huniletea chenso na pampu za maji, tunazifungua pamoja, na mmoja wao sasa anatengeneza mwenyewe na kulipwa.

Kwa hiyo wewe uliyestaafu au kuugua, jitafutie kitu cha kushughulisha mikono na akili. Kama ni gari la rimoti, usichague kwa mbio wala kwa rangi. Uliza mafuta yake yanapatikana wapi, plagi yake inauzwa duka gani, na kama wewe na fundi wa kijijini kwenu mtaweza kulifungua na kulifunga. Likiwa na majibu hayo, lichukue, ukawafundishe na wengine.