Kuzuru Muscat: Nyumba ya Ndugu Ina Adabu Zake



Katika miji ya Ghuba, hakuna unaompumbaza mgeni wa Mombasa au Lamu kama Muscat. Yumkini dereva wa teksi akakujibu kwa Kiswahili, kwani wengi wenye asili ya Oman walihama Unguja na Pemba baada ya mapinduzi ya 1964, na Sultani Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970 aliwaita waliokuwa ng'ambo warejee. Haluwa ni ile ile na ubani ni ule ule. Hapo ndipo mgeni anapoacha kujichunga, akajiona yuko kwao. Hayuko kwao, yuko kwa nduguze, na hayo ni mambo mawili.

Linalotuhuzunisha zaidi hutokea msikitini. Waomani wengi ni Waibadhi. Huswali mikono wameiachia ubavuni, hawaitikii Amin baada ya Fatiha, wala hawasomi ile kunuti ya alfajiri tuliyoizoea sisi Mashafii. Tumewasikia wageni wa kwetu wakinong'onezana, viatu bado mkononi, kwamba swala ile ina kasoro. Wafuasi wa Imam Malik nao wengi wao huachia mikono. Je, nao tuwanong'oneze? Mwenyeji atasimama nawe bega kwa bega, ufunge mikono au uiachie, wala hatakuhoji. Basi nawe usimhoji, na wanao uwaeleze haya kabla ya safari, kwani mtoto husema kwa sauti kile mzazi anachokinong'ona.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, utengeeni asubuhi nzima. Zulia la ukumbi wake mkuu, lenye zaidi ya mita 4,000 za mraba, lilifumwa na wanawake wa Iran kwa miaka 4. Wanawake wana ukumbi wao wa kuswalia, ila asubuhi za siku zisizo Ijumaa ukumbi mkuu hupokea watazamaji, na akina mama wanaweza kuliona zulia lile kwa macho yao. Buibui letu latosha kabisa.

Sokoni Matrah, kando ya bandari, nendeni jioni. Mchana maduka mengi hufungwa, na jua la Juni halina huruma. Riali moja ina baisa 1,000, nayo yapita shilingi 300 za Kenya. Kwa hivyo kitambaa cha "riali tano tu" kifanyieni hesabu kwanza. Msiwapige picha wanawake pasi na idhini yao. Miraa ni marufuku huko, hata kitita kimoja cha zawadi. Na dawa za hospitali zichukueni pamoja na cheti cha daktari.

Tena kuna jambo hatuwezi kulipita kimya. Viza ya matembezi si ruhusa ya kufanya kazi. Binti akiambiwa aende "kutembea" kisha atatafutiwa nyumba ya kuhudumu, atakuwa amevunja sheria ya nchi siku ya kwanza, na atakapodhulumiwa ataogopa kushtaki. Wazazi, msikubali safari ya namna hiyo, hata aliyeileta awe ni jamaa.

Mkialikwa nyumbani, wanaume hukaa majlisi yao na wanawake yao. Salamu ni ndefu, msiikate. Mwanamume humuuliza mwenzake hali ya watu wa nyumbani, hamtaji mkewe kwa jina. Tende au haluwa hutangulia, kisha kahawa chungu yenye iliki katika finjani isiyo na mkono, iliyotiwa kidogo tu. Hiyo si choyo: hutiwa kidogo ipate kuongezwa. Pokeeni kwa mkono wa kulia, na mkishatosheka litikiseni finjani kabla ya kulirudisha, la sivyo mwenye birika ataendelea kumimina. Tumemwona mzee wa kwetu akinywa la saba kwa kuona haya kukataa.

Mwishoni huletwa chetezo. Jifukizeni nguo, mshukuru, kisha muage. Chetezo kikishazunguka, mwenyeji hatarajii mgeni aketi tena.