Mistari mitatu ya wembe

Wasikilizaji wengi mnanijua kwa sauti tu. Wale tuliokutana Kanyaruchinya, wakati kambi ilikuwa imejaa, mliniona viwiko vyenye magamba meupe. Mmoja alinipa mkono, kisha akaufuta kwenye kikwembe. Sikukasirika, nimezoea. Ugonjwa wangu unaitwa psoriasi, na hauambukizi hata tukila sahani moja.

Nilipokuwa na miaka 19, baba mdogo alinipeleka kwa mfumu. Alinichanja mistari mitatu kwenye mguu, mahali ngozi ilikuwa safi kabisa, akapakaa dawa nyeusi. Baada ya majuma mawili magamba yaliota juu ya ile mistari, sawasawa, kama yamepimwa na rula. Mfumu alisema ni sumu inatoka. Tukamlipa kuku wa pili.

Ni muganga wa ngozi aliyenifasiria, miaka mingi nyuma yake. Ngozi ya kawaida inachukua karibu mwezi kubadilisha seli zake. Penye psoriasi, siku 3 hadi 5. Mtu akikwaruzika, seli za ngozi zinaita askari wa damu waje kulinda kidonda. Kwa baadhi yetu askari hao wanakuja, lakini hawarudi kwao (sisi wa Kivu hatuhitaji mfano mwingine). Wanazidi kuisukuma ngozi ikue mbio, inarundikana, inakuwa gamba. Mara nyingi linaonekana kati ya siku 10 na 20. Muganga Mjerumani, Heinrich Koebner, alieleza jambo hili tangu 1872. Mgonjwa wake aliota magamba hata mahali farasi alimuuma. Mimi ni mawe ya volkano: nikianguka na pikipiki hapa Goma, naanza kuhesabu siku.

Juzi mama mmoja aliyekimbia Masisi aliniletea mtoto wake. Kituo cha afya kilishamwambia ni psoriasi, lakini majirani walimkataza mtoto kuchota maji pamoja nao, na shangazi alikuwa amekwisha nunua wembe. Nilipandisha suruali, nikamwonyesha mguu. Mama alihesabu ile mistari kwa kidole, bila kugusa. Kisha akagusa.

Nilimwambia mtoto asichanjwe, asisuguliwe na jiwe akioga, asibandue magamba, akatwe kucha, apakwe vaselini akitoka majini, na arudishwe kituoni kwa dawa.

“Na majirani, kaka, nitawaambia nini?”

Nilimwomba jina la kartiye yao. Jumamosi nitaenda na mikro, na shati la mikono mifupi.