Dramu ya Nyuma Iliyokwama: Kutoka Nyundo hadi Bolti Mbili

Dramu ya nyuma ya pikapu kuukuu hukwama kwa sababu kuu mbili. Ya kwanza ni kutu inayoota kati ya tundu la katikati ya dramu na kitovu cha gurudumu, hasa kwa magari ya pwani yanayopigwa na upepo wa chumvi. Ya pili imo ndani: viatu vya breki husugua chuma mpaka kikalika, lakini ukingo wa dramu usioguswa hubaki umetokeza. Dramu ikivutwa, viatu hunasa kwenye ukingo huo. Gereji zilichukua miaka mingi kuzoea kutofautisha sababu hizo kabla ya kushika nyundo.

Enzi za Land Rover za mwanzo, kazi ilianzia nje. Dramu ilishikwa na skrubu zilizozama kwenye uso wake. Mfuo wa kichwa ukishalika, bisibisi iliteleza, na fundi aliegemeza ncha ya tindo ukingoni mwa kichwa hicho, akaigonga kwa upande wa kufungulia hadi skrubu ikalegea. Baada ya hapo ilifuata nyundo na mafuta ya taa, na ikishindikana, moto. Dawa hiyo ilikuwa na gharama yake. Dramu ni chuma cha kusubu. Ikipigwa ukingoni hupasuka. Moto nao huunguza raba za silinda ya gurudumu, na breki huanza kuvuja.

Toyota Hilux, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1968, ilizoesha mafundi njia nyingine. Dramu yake ya nyuma huchomoka juu ya stadi za gurudumu, na usoni ina matundu mawili yenye hesi yanayopokea bolti za milimita 8. Matundu husafishwa kwanza kwa waya na kutiwa mafuta ya kulegeza kutu. Bolti mbili huingizwa, kisha hukazwa kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu kule, ili dramu isiende mshazari. Ncha za bolti husukuma uso wa kitovu, na dramu hurudi nje. Bolti ikiwa nzito, hailazimishwi: uso wa dramu hugongwa kati ya stadi kwa nyundo ya kiasi ili kutu ivunjike, halafu bolti hukazwa tena.

Bolti hutatua kutu tu. Ndiyo maana fundi makini huanza kwa kuzungusha dramu kwa mkono, gari likiwa juu ya stendi, magurudumu ya mbele yamewekewa vigingi, gia ikiwa huru na hendibreki imeachiwa. Dramu inayozunguka vizuri lakini haichomoki imeshikwa na kutu katikati. Inayotoka kidogo kisha ikagoma imenaswa na viatu. Isiyozunguka kabisa huwa imebanwa na viatu, na mara nyingi chanzo ni mkono mdogo wa hendibreki ulio nyuma ya bamba la breki, ulioganda kwa kutu usirudi.

Kwa viatu vilivyonasa, kizibo cha raba nyuma ya bamba huondolewa. Bisibisi moja husukuma kando ulimi wa kirekebishi, ya pili hurudisha nyuma gurudumu lake la meno, na viatu husogea ndani. Ulimi usiposukumwa, meno hayarudi.

Badiliko la mwisho linahusu vumbi. Zamani dramu ikishatoka, vumbi lilipulizwa kwa kompresa. Viatu vya zamani vilikuwa na asbesto, ambayo husababisha saratani ya mapafu; Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999 na Afrika Kusini mwaka 2008. Kwa kuwa gari kuukuu linaweza bado kuwa nayo, vumbi hulowanishwa kwa maji na kufutwa kwa kitambaa, wala halipulizwi.

Kabla ya kurudishwa, dramu hupimwa. Dramu ya Hilux yenye kipenyo cha milimita 254 haipaswi kuzidi 256, ikizidi, hutupwa. Ikiwa bado nzima, ukingo wake husawazishwa kwa mashine, kutu ya kitovu hukwanguliwa, na grisi kidogo hupakwa pale dramu inapokaa, bila kugusa sehemu inayosuguliwa na viatu. Dramu iliyofungwa hivyo haihitaji nyundo safari ijayo.